Mrija Ulioziba

Kila Jumamosi, akimaliza kufagia ua, Mawingu aliingia chumba cha nyuma kumsaidia shangazi yake kupika kinywaji cha kimea. Mawingu halikuwa jina lake la shuleni. Shangazi alimwita hivyo kwa sababu ukimtuma chumvi, alirudi na wimbo.

Shangazi hakuweka pipa juu ya moto, kwani uji wa kimea huungua na kushika chini upesi. Alichemsha maji kwenye sufuria kubwa yenye kifuniko cha kubana, na mvuke ukapita kwenye mrija wa shaba hadi ndani ya pipa. Uji ukapata moto polepole, ukinguruma kama paka aliyeshiba.

"Kabla ya kuzima moto, chomoa mrija kwenye pipa," Shangazi alisema Jumamosi moja. "Ukizima kwanza, sufuria ikipoa itauvuta uji."

"Nimesikia, Shangazi."

Shangazi akaenda kuazima chupa kwa jirani. Mvuke ulijaa chumbani, dirisha likawa jeupe, na harufu tamu ya nafaka ikamlevya Mawingu macho wazi. Alijiona akitembea katika mji wa pamba, mji usio na sauti wala sakafu. Alipozinduka, uji ulikuwa umeshaiva. Akazima moto haraka. Mrija akausahau.

Punde mrija ukakoroma, na sufuria ikafyonza uji: fyuuu!

Mawingu aliuchomoa mrija. Sufuria ilipopoa, aliiosha, akaijaza maji safi, akarudisha kila kitu mahali pake. Ila alipoupuliza mrija, pumzi haikupita. "Mvuke wenyewe utauzibua," alijiambia.

Shangazi alirudi akiimba. Kinywaji kilikuwa cha siku ya michezo shuleni, na pipa la pili lilikuwa linasubiri. Akatoa njiti ya kiberiti.

"Shangazi, usiwashe!"

"Kuna nini tena?"

"Mrija umeziba. Nilizima moto kwanza. Akili yangu… haikuwa hapa."

Shangazi aliupuliza mrija. Kimya. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mvuke ukikosa njia, hupasua sufuria," alisema taratibu. "Na tungekuwa hapa hapa, mimi na wewe."

"Nisamehe, Shangazi," Mawingu alisema, machozi yakimtoka.

Waliusukuma uji ulioganda ndani ya mrija kwa waya na maji ya moto, mpaka Mawingu akaona mwanga upande wa pili.

"Mimi pia nimekosea kukuacha peke yako na moto," Shangazi alisema, akimfuta uso kwa ncha ya kanga. "Ota upendavyo ukiwa kitandani, mwanangu. Kwenye moto, niletee akili zako zote. Na ukikosea, sema mapema hata kama unaogopa. Ungenyamaza, tungeungua. Umesema, tuko wazima."

Kisha akamsogezea chupa, nao wakaanza kuziosha pamoja.