Nani Anatwanga kwa Mama Marthe?

Kila siku saa kumi, mtaa mzima ulijua kwamba kwa Mama Marthe sombe imeingia kwenye kinu. Tu! Tu! Tu! Mchi ulishuka kwa nguvu, wala haukupumzika mpaka majani ya muhogo yalainike kabisa. Upande wa pili wa ua wa matete, jirani yao Mama Émilienne aliacha kuanika ndagala zake, dagaa wa ziwani, akapaza sauti:

"Florentine we! Una mkono, mwanangu! Bwana atakayekuoa hatalala njaa!"

"Asante, Mama!" Florentine alijibu kutoka ndani ya nyumba.

Alijibu kwa adabu sana, ukizingatia kwamba alikuwa amekaa mkekani na daftari magotini, wala hajashika mchi. Aliyekuwa anatwanga ni kaka yake Dany, kijana wa miaka kumi na sita, amevua shati, jasho linamtiririka, na mlango umefungwa kwa komeo.

Mambo yalianza hivi. Vita vilipowakimbiza kutoka Mboko, Mama Marthe alianguka porini na mzigo kichwani, akavunjika mkono wa kulia. Hakukuwa na mganga wala dawa. Mkono uliunga vibaya, na tangu hapo hata sufuria ndogo hakuweza kuiinua. Baba yao alikuwa amevuka ziwa kutafuta kazi, na habari zake zilikuwa hazijafika. Walipokuja kukaa mjini Baraka, Florentine alidhani masomo yake yamekwisha. Nani atachota maji? Nani atatwanga? Ndipo Dany, ambaye shule yake mwenyewe ilikatwa na vita, akasema, "We soma. Asubuhi mi niko mwaloni nabeba samaki, jioni nitatwanga. Lakini mtu asijue. Unasikia? Mtu asijue."

Kwa hiyo mlango ulifungwa, Dany akatwanga, Florentine akajibu sifa. Mwanzoni aliona haya. Baadaye, tuseme ukweli, alianza kuzingojea. Sifa ni tamu hata zikiwa si zako.

Florentine alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwaka wa kwanza wa sekondari. Somo alilolipenda kuliko yote ni Kiingereza. Mwalimu wake, Madamu Anastasie, alijifunza lugha hiyo katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi nacho pamoja na kitabu kimoja. Kitabu kimoja, wanafunzi arobaini na watatu!

Jumanne moja Madamu alichora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja aliandika "boys", upande wa pili "girls". Kisha akagawa vipande vya karatasi vilivyoandikwa kazi kwa Kiingereza: kuchota maji, kushona nyavu, kutwanga, kuogesha mtoto, kupasua kuni. Kila mtu asome chake kwa sauti, akibandike upande anaoona ni wake.

Ilikuwa vurugu tupu. Dakika chache tu, jiko lote lilikuwa limehamia upande wa wasichana. Junior, yule wa benchi la nyuma ambaye mdomo wake haujui likizo, alijipangusa mikono akasema, "Madamu, sisi tumemaliza!"

Madamu Anastasie alicheka. "Haya ni yale mnayosema. Sasa mkatafute yale mnayofanya. Kaeni wawili wawili, muulizane kwa Kiingereza nani anafanya nini nyumbani. Ijumaa kila mtu atasimama aeleze habari za mwenzake. Nataka ukweli. Lakini usisome jambo ambalo mwenzako hajakubali lisomwe. Watakaoeleza vizuri kuliko wote wataenda na kitabu nyumbani mpaka Jumatatu."

Kitabu nyumbani siku tatu!

Florentine alikaa na Rosette. Angekaa na nani mwingine? Wawili hao walikimbia vita pamoja, wakalala porini chini ya kitenge kimoja, wakagawana muhogo mbichi. Rosette alikuwa zaidi ya rafiki.

"Nani anatwanga sombe kwenu?" Rosette aliuliza kwa Kiingereza chake cha kukwaruza.

Florentine alijibu polepole, "My brother." Ajabu ni kwamba kwa Kiingereza neno lile lilitoka jepesi, akaona kama anayesema si yeye. Lakini alipoona penseli ya Rosette inaliandika, alimshika mkono.

"Futa! Rosette, futa! Dany ataniua. Andika ni mimi."

"Dany? Dany yule wa mwaloni? Kumbe ndiyo maana saa kumi mnafunga mlango!" Rosette alifumbua macho. Kisha akachukua kifutio, akafuta mbele yake. "Imekwisha. Itabaki hapa," akasema, akajigusa kifuani.

Ijumaa ikafika. Mmoja mmoja walisimama. Mama anapika, baba anavua. Mama anafagia, baba anavua. Yule aliyefuata, vilevile. Watu wakaanza kupiga miayo, na Junior akalaza kichwa kwenye benchi. Ndipo Rosette akaitwa.

Alianza vizuri. Florentine anachota maji, Florentine anasoma sana. Hakuna aliyemsikiliza. Rosette alitazama miayo ile, akakitazama kitabu juu ya meza ya Madamu, kisha akasema kwamba Florentine ana kaka wa miaka kumi na sita, na kila saa kumi kaka huyo anafunga mlango, anatwanga sombe. Maneno ya Kiingereza yalipomwishia, akaunganisha mikono akatwanga hewa. Hata wale ambao hawakuelewa neno moja, hapo walielewa.

Darasa lililipuka. Junior alisimama juu ya benchi. "Dany? Dany anatwanga? Mama Sombe!"

Madamu Anastasie alipiga meza. "Kimya! Rosette, mwenzako alikubali?" Rosette alitazama sakafu. Madamu akakichukua kitabu akakirudisha kwenye mfuko wake. Lakini Florentine hakuyaona hayo, maana alikuwa ameshatoka mbio.

Rosette alimkuta nyuma ya ukuta wa shule.

"Nilitaka tu wasikilize," alisema. "Wote walikuwa wanasinzia. Na kitabu tungekisoma wote wawili, Flo."

"Ulifuta mbele ya macho yangu."

"Sikujua kama..."

"Tulilala kitenge kimoja, Rosette! Ulijigusa kifuani!" Florentine alilia mpaka sauti ikakauka. Adui akikuumiza, unajua ulipo. Lakini huyu? "Usiniguse," alisema, akaenda zake.

Mdomo wa Junior ulikwenda kasi kuliko miguu yake. Saa kumi Dany alirudi kutoka mwaloni, uso umemvimba kwa hasira. Wavulana walikuwa wamempigia makofi ya kutwanga tangu alipoweka kapu la kwanza la samaki chini. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mi niliomba kitu kimoja tu," alisema. Akauchukua mchi, akauegemeza ukutani mbele ya dada yake, akafungua mlango wazi. "Haya. Twanga."

Florentine alisimama pale, akaona jambo lililomuuma kuliko yote ya siku ile. Dany alikuwa anamtazama yeye jinsi yeye alivyomtazama Rosette.

Wiki iliyofuata ilikuwa ndefu. Maji, kuni, kinu, vyombo, nguo za mama. Jumatatu alifika shuleni amechelewa. Jumanne na Jumatano hakwenda kabisa. Mchi ulimchubua viganja, na sombe ikatoka na vipande vigumu. Mama Marthe alijaribu kumsaidia kwa mkono wa kushoto, mchi ukamponyoka ukaangukia mguu. Alikaa chini akajikunja.

"Mwanangu," alisema bila kumtazama, "labda usimamishe masomo mwaka huu. Tutafanyaje?"

Alhamisi Mama Émilienne alipita kwenye ua na sahani ya ndagala. "Dany anaumwa?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Kwa nini?"

"Mchi unalia vibaya tangu Ijumaa."

Florentine aliinama. "Ni mimi ninayetwanga, Mama. Siku zote."

"Uongo huo mupelekee mugeni! Nasikia mchi huu mwaka wa pili sasa. Mkono wa yule mutoto niliujua tangu siku ya kwanza."

"Ulijua? Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie mtu kwani ni habari zangu? Mlango ulifungwa, nikaheshimu mlango."

"Sasa mbona ulikuwa unanisifu mimi?"

Mama Émilienne aliweka sahani chini. "Ningefanyaje? Nilipaza sauti ili mwenye mchi asikie. Nilidhani ukishaitikia, unageuka unamwambia kaka yako, 'Yaya, hizi ni zako.' Hukumwambia?"

Miaka miwili, hata siku moja hakugeuka.

Alienda mwaloni hivyo hivyo, mikono imechubuka, akamkuta Dany anakunja nyavu za mwenye mtumbwi.

"Yaya, nimekuja kusema makosa yangu. Siri yako niliitoa mimi, Rosette aliisambaza tu. Na sifa za Mama Émilienne nilizila peke yangu. Zilikuwa zako. Alijua tangu mwanzo."

Dany aliendelea kukunja, kisha akauliza, "Zilikuwa tamu?"

"Sana."

Mdomo wa Dany ulitaka kucheka, akauzuia. Kisha akaviona viganja vya dada yake. "Hivi leo si siku ya shule?"

"Mama anasema nisimamishe masomo mwaka huu."

Nyavu zikamtoka mikononi. "Usimamishe? Mbona sikuambiwa habari hiyo? Mi natwanga miaka miwili, halafu usimamishe masomo?"

Junior alikuwa karibu, bila shaka. Mambo ya watu hayamkosi. "Mama Sombe!" aliita. "Umeitwa jikoni!"

Wavulana wakaanza kupiga makofi. Lakini Mama Émilienne alikuwa amemfuata Florentine kwa nyuma, kapu mkononi.

"We Junior," alisema, na sauti yake ilifika kwenye mitumbwi yote, "baba yako akiwa katikati ya ziwa, nani anamusongea bugali? Samaki?"

Wavuvi wakaangua kicheko. Baba yake Junior, aliyekuwa anakausha mtumbwi wake, alicheka kuliko wote.

"Marehemu wangu alisonga bugali ndani ya mtumbwi miaka ishirini," Mama Émilienne aliendelea. "Na ni yeye aliyenioa. Mi sikumuoa!"

Makofi yakafa. Junior alikumbuka ghafla kwamba ametumwa mahali. Dany alizikunja nyavu za mwisho, akamgusa dada yake begani. "Twende. Lakini mlango ule haufungwi tena."

Nyumbani waliwakuta wageni wawili. Madamu Anastasie alikuwa amekuja kuuliza kwa nini mwanafunzi wake amepotea, na nyuma yake alisimama Rosette, macho mekundu.

"Flo, nisamehe," Rosette alisema. "Tangu Ijumaa sili vizuri."

Madamu akatikisa kichwa. "Siri ile ilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe yule pale."

Rosette alimgeukia Dany. Ilikuwa vigumu, maana Dany alikuwa mrefu na hakutabasamu. "Yaya Dany, nilikukosea. Niliuza jina lako ili watu wanisikilize."

Dany alimtazama. Kisha akauchukua mchi akamkabidhi. "Shika. Tulisikia unatwanga vizuri kwa Kiingereza. Sasa twanga kwa Kiswahili."

Rosette alitwanga. Majani yaliruka nje, mengine yakamkaa kichwani. Alipofika mara ya thelathini alikuwa anapepea viganja hewani, na hapo hata Mama Marthe alicheka, kicheko ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia siku nyingi.

"Sikilizeni, watoto wangu," alisema Madamu Anastasie. "Ukweli ni kitu kizuri, lakini ukweli wa mwenzako una mlango, nawe ubishe hodi kwanza. Rosette, wewe hukubisha. Florentine, wewe uliufungua mlango usio wako, tena ukala sifa za mwingine, na huo pia ni wizi. Na wewe Dany, ulimpa dada yako shule kwa mikono yako. Kazi ya namna hiyo ya nini kuificha? Mlipoificha ndipo watu walipopata cha kucheka. Kinu hakimuulizi mtu kama ni mvulana au msichana. Kinauliza kama una mkono."

Florentine alimsamehe Rosette. Lakini siri nyingine hakumpa haraka. Sahani iliyopasuka huungwa, ila huiwekei supu ya moto siku hiyo hiyo.

Ijumaa iliyofuata, baada ya kumwomba ruhusa Dany na kumsomea kila neno, Florentine alisimama mbele ya darasa. "My brother pounds sombe," alisema kwa sauti. "He pounds better than me." Hakuna aliyepiga miayo, hata Junior. Siku hiyo kitabu kilikwenda kwa Mama Marthe.

Saa kumi mlango ulikuwa wazi. Tu! Tu! Tu! Florentine alikaa kizingitini, kitabu magotini. Upande wa pili wa ua, Mama Émilienne aliacha ndagala zake.

"Dany we! Una mkono, mwanangu! Mke utakayemwoa hatalala njaa!"

Florentine alifumba mdomo, akamtazama kaka yake, akangoja. Mchi ulisimama kidogo.

"Asante, Mama!" Dany alijibu kwa sauti yake nzito, na mtaa mzima ukamsikia.