Mgongo wa Shemeji

Hewa ilianza kumbania mzamiaji akiwa chini kabisa, ubavuni mwa meli iliyozama. Kila alipovuta pumzi, sindano ya geji ya hewa ilishuka, alipotoa, ikapanda. Mtungi ulijaa asubuhi, aliupima mwenyewe. Akageuka apande, kumbe mtungi umenasa kwenye wavu mkuukuu. Akapapasa, akakata kamba mbili, kifua kikawaka moto. Basi akafungua mikanda, akautema mdomo wa kupumulia, akaacha koti la kuzamia na mtungi vikining'inia pale, akapanda akitoa pumzi polepole asije akapasua mapafu.

Alipoibuka, mkondo ulishamsogeza mbali. Boti aliiona. Na ndani yake alimwona shemeji, kaka wa mkewe, yule yule aliyembebesha mtungi, amempa mgongo, ameinamia maji upande wa pili. Mzamiaji aliita mpaka sauti ikamkauka. Injini ilikuwa inanguruma, na shemeji hakugeuka.

Hapo wazo baya likamwingia. Wiki ile walikuwa wamezozana: shemeji amechoka kukaa botini, anataka kuzamia yeye. Na nani aliyegusa mtungi mwisho?

Mkondo ukamzoa. Aliogelea chali, mguu mmoja umekaza, hadi kwenye boya la chuma lenye magamba makali. Akalikumbatia. Magamba yalimchana mapaja, chumvi ikamwingia vidondani, kiu ikamfunga koo. Kila mikono ilipotaka kuachia, alikumbuka ule mgongo, akashika tena kwa hasira. Tagboti, boti ya kuvuta meli, ilimwokota jua likielekea kuzama.

Gatini shemeji alilia kama mtoto. Alisema alikuwa analinda mapovu. Yalitoka pale pale mchana kutwa, akajua mtu yuko salama. Mchana kutwa, kwa mtungi wa hewa ya saa moja? Mzamiaji akaenda zake nyumbani. Hata mkewe hakumwambia kitu, maana utaanzaje kumwambia mtu kwamba kaka yake alitaka kukuua?

Lakini kazi ya ile meli haikuisha, na vifaa vimepotea. Wakaenda wote wawili dukani kutafuta vingine vya mtumba. Mzamiaji alikagua kila mpira na kila mkanda, jicho moja kwenye vifaa, jingine kwa shemeji. Akafungua valvu ya mtungi hadi mwisho, akairudisha nusu mzunguko, kama alivyomfundisha shemeji yake. Akavuta pumzi kwenye mdomo wa kupumulia. Sindano ilitulia tuli.

"Lete nikubebee," shemeji akasema.

Kabla ya kuinua, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye valvu, ukaifunga ikabana. Kisha akairudisha nusu mzunguko, kama alivyofundishwa. Hata hakutazama. Miaka mingi alisambaza gesi ya kupikia, na mtungi wa gesi hauinuliwi bila kufungwa.

Mzamiaji akavuta tena. Sindano ikashuka, ikapanda. Mtungi uliofunguliwa kidogo namna ile ungembania mtu hewa kilindini, na ukiachwa chini, ungetoa mapovu mchana kutwa.

"Shemeji, umefanya nini hapo?"

"Wapi?"

"Mkono wako."

Shemeji akautazama, ungali juu ya valvu. Uso ukamshuka. Akakaa sakafuni katikati ya mapezi na miwani ya kuzamia. Mwenye duka akauliza kama kuna anayetaka maji.

Mzamiaji akakaa kando yake. Aliona aibu, tena kubwa.

"Kesho valvu nafungua mwenyewe," akasema. "Na wewe ukiwa botini, achana na mapovu. Nitafute mimi."