Daftari la Wageni wa Chemchemi

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Bi Masjala alifungua kabati, akavuta jalada la Kamisheni ya Utalii, akahisi limepungua uzito. Daftari la wageni halikuwamo.

Mama huyu alikuwa ametunza nyaraka za kaunti kwa miaka thelathini bila kupoteza hata kipande cha karatasi. Alibakiza wiki tatu astaafu. Saa tano kamili kamati ingeketi kuamua kama iundwe kamisheni ya kutangaza vivutio vya kaunti, cha kwanza kikiwa chemchemi ya maji moto kule mlimani. Kanuni zilisema wazi: bila ushahidi kwamba wageni huja, hoja ingesubiri mwaka mwingine. Ushahidi ulikuwa daftari hilo, miaka ishirini na miwili ya maandishi ya wageni, lililotunzwa na mzee anayewapokea huko, ambaye kila mtu alimwita Mzee Chemchemi. Na kwa kikohozi alichokuwa nacho, mwaka mwingine ulikuwa mbali.

Bi Masjala hakupiga kelele. Alivaa miwani, akaanza kama anavyoanza kila jalada linapopotea mahali pake: kuangalia kilichobaki.

Barua za kuunga mkono zilikuwapo zote. Picha zilikuwapo, na ramani pia. Adui wa kamisheni angebeba jalada zima. Tena kulikuwa na kitu kilichoongezeka, karatasi ndogo iliyokunjwa mara mbili. "Mwaka wa ukame mkubwa, wageni: hakuna. Miaka mingine fomu iko sawa." Akaitazama fomu ya maombi, aliyoijaza karani jana jioni kwa kuhesabu mistari ya daftari. Kwenye mwaka wa ukame iliandikwa wageni kumi na tisa.

"Mwizi gani huyu," alijisemea, "anaiba halafu anasahihisha?"

Akarudisha fikra nyuma. Jana, saa tisa alasiri, Mzee Chemchemi alileta daftari mwenyewe, limefungwa kwa kitambaa safi. Bi Masjala alilifungua katikati, akamsomea mzee kwa sauti maneno ya mgeni mmoja yaliyomchekesha: "Maji mazuri sana, ila mwenyeji avae sweta, kifua chake hakipendi baridi." Mzee hakucheka naye. Aliuliza tu atalichukua lini. Bi Masjala akampa jibu analompa kila mtu, mkono mmoja ukiwa tayari kwenye mashine ya kutobolea karatasi: kikao kikiisha, kinachoingia masjala hutobolewa, hupigwa mhuri, na hakitoki.

Mfagizi aliulizwa, akajibu huku ameegemea fagio. Alifungua mlango saa moja na nusu, akapiga deki. Watu wawili walipita wakati anabadilisha maji: Mwenye Hoteli, aliyekuwa akimtafuta Bi Masjala, na Mzee Chemchemi, aliyeomba kupumzisha miguu. Kabati lile kitasa chake kiliharibika zamani, hufungwa kwa kubana kipande cha karatasi, na jengo zima lilijua.

Jengo zima pia lilishajua mwizi ni nani. Mwezi uliopita Mwenye Hoteli alisimama hadharani akasema kamisheni itawaletea wenye hoteli wakaguzi mpaka jikoni. Bi Masjala alimkuta kantini saa tatu kasorobo, amekumbatia mkoba uliotuna.

Alimhoji taratibu, kikombe cha chai katikati yao. Ulikuja kufanya nini masjala? Kusalimia. Tangu lini unasalimia masjala? Mwishowe bwana yule akafungua mkoba: nakala sita za barua ya kuomba kuwa mjumbe wa kamisheni, kila moja na picha yake akiwa amevaa tai.

"Usiwaambie wenzangu," alinong'ona. "Nimewaahidi nitaipinga mpaka mwisho."

Bi Masjala aliuma mdomo asicheke, akamwambia barua hupokelewa dirishani, nakala mbili zinatosha. Alipokuwa akipanda ngazi, yale maneno ya sweta yakamrudia, na safari hii hayakumchekesha hata kidogo. Alisimama kwenye ngazi ya saba ameshika ukuta.

Saa nne na robo Mzee Chemchemi alikuwa kwenye benchi nje ya ukumbi, mfuko wa turubai umelala magotini. Bi Masjala akaketi karibu naye.

"Mzee wangu, mgeni wa siku moja alijuaje habari za kifua chako?"

Mzee aliushika mfuko kwa mikono miwili. "Alikuwa mke wangu, mama."

Akaeleza kwa sauti ya chini. Mwaka ule wa ukame njia ilikauka watu, akataka kufunga kibanda aende mjini kutafuta kibarua. Lakini kila aliporudi kutoka kuchota maji ya kunywa bondeni, mkewe alimwambia wamekuja wageni, wamefurahi, wameandika, wameondoka. Mzee alisikitika kuwakosa, akabaki. Daftari hakuwahi kulisoma. Wageni wa miaka mingine aliwaona kwa macho yake, ya kusoma nini? Mkewe alifariki miaka minne iliyopita.

"Jana uliposoma yale maneno," alisema, "nikamsikia yeye. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia kuhusu sweta. Nikajua wale kumi na tisa wote ni yeye."

"Ungeniomba."

"Ulisema hakitoki. Sikutaka kuidanganya kamati, na sikutaka atobolewe."

Bi Masjala alivua miwani, akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akaunyoosha mkono, na mzee akampa mfuko.

Saa tano kamili kamati ilipata nakala za kurasa zote, zikiwa zimepigwa mhuri wa nakala sahihi, pamoja na ile karatasi ndogo. Mwenyekiti aliinua macho akauliza ni kweli mwaka ule hakuja mtu hata mmoja.

"Hakuja mtu," Mzee Chemchemi alijibu. "Lakini mimi nilikuwepo."

Mwenyekiti alisema kamisheni inaweza kuanza na mtu wa namna hiyo. Mikono iliinuliwa yote, na wa Mwenye Hoteli pia ulipanda kutoka viti vya wageni, ingawa hakuwa na kura.

Alasiri Bi Masjala alifungua rejista yake kubwa. Safu ya "kilichotoka" ilikuwa nyeupe tangu siku yake ya kwanza kazini. Aliandika humo daftari moja, halina tundu, akatia sahihi.

Jumamosi alipanda mlimani na kikapu chake. Alilowesha miguu mpaka vidole vikakunjamana, kisha akaomba kalamu. Alisoma kwanza kurasa za mwaka wa ukame, zote, polepole, halafu akafungua ukurasa mpya akaandika: "Maji mazuri sana. Mwenyeji amevaa sweta. Nimehakikisha mwenyewe."