Pumzi Alizozikata Gerald

Haya hayakutokea mbali. Yalimpata jirani yetu Gerald, mwenye kile chumba cha kurekodia muziki nyuma ya duka la vitenge, hapa hapa Singida mjini. Wanaomjua watakuambia hakuwa mtu wa kuamini mambo ya gizani. Ukimtajia uchawi alicheka mpaka akakohoa. Siku hizi hacheki.

Ilikuwa Jumatatu kama Jumatatu nyingine, upepo wetu unapeperusha vumbi, na Gerald alikuwa akibishana na rafiki yake Nasri juu ya kompresa. Neno hilo lisikutishe. Kompresa ni programu ndogo inayokaa ndani ya kompyuta ya mtengeneza muziki. Sauti inayopaa inaishusha, inayonong'ona inaiinua, hadi zote zinatembea sambamba. Mafundi wa kazi hiyo wanazo chungu nzima, na kila mmoja ana zake za moyoni, anazitetea kama timu ya mpira.

Za Gerald zilikuwa mbili, na alikwisha kuzibatiza. Ya kwanza aliiita Mama Mkwe, kwa sababu hakuna sauti iliyopita mbele yake bila kushika adabu. Ya pili aliiita Gundi, ya kuunganisha wimbo mzima uwe kitu kimoja. Nasri, mtoto wa wafanyabiashara wa sokoni, ambaye naye alikuwa anatengeneza kaswida na nyimbo za vijana, siku hiyo alimletea ya tatu kwenye flashi.

"Ya bure hii, lakini noma," Nasri alisema. "Inanyanyua mpaka vitu ambavyo hukujua umerekodi."

Gerald aliijaribu kwenye wimbo wa zamani. Ikamletea kiti kinacholia, jogoo wa jirani, na mtu anayemeza mate. Akacheka, akaiita Mmbea papo hapo.

"Ya nini sasa hii, kaka? Sisi kazi yetu kuficha, siyo kuumbua watu."

"Haya, kaa na Mama Mkwe wako," Nasri akasema, akaenda zake dukani kwa baba yake.

Gerald akabaki na kazi ya Misigiri. Jumamosi alikuwa amekwenda huko Iramba kurekodi dada wawili wa kwaya. Editha, mkubwa, ndiye aliyeongoza. Loyce, mdogo wake, aliitikia. Gerald alitaka waimbe mmoja mmoja, wakagoma kabisa, kwamba hawajawahi kuimba bila kutazamana. Basi akawasimamisha kanisani ana kwa ana, kila mmoja na maiki yake, na mama yao, Kristina, akakaa benchi la nyuma mpaka mwisho. Kazi ilipoisha, mama huyo alimsindikiza Gerald hadi barabarani.

"Mwanangu, nasikia nyie mafundi huwa mnazitoa pumzi za waimbaji ili wimbo uwe safi. Za wanangu usizitoe."

"Kwa nini, mama?"

"Maneno ni ya Mungu. Wimbo ni wa kanisa. Chao wao ni pumzi tu."

"Sawa, mama," Gerald alijibu, kwa ile sauti ya kumridhisha mkubwa ili gari liondoke. Moyoni alikwisha kuamua.

Jumatatu ile mchana akafungua sauti ya Editha na kuanza. Kabla ya kila mstari palikuwa na ile hewa inayovutwa. Alikata. Akasogea mbele, akakata. Sauti ikawa safi, ukiisikiliza unadhani imetoka kwa kitu kisichohitaji hewa. Akaipitisha kwa Mama Mkwe, ikang'aa. Alifurahi sana, na furaha hiyo ndiyo inayomchoma mpaka leo. Akaanza na ya Loyce, akakata ubeti wa kwanza, jua likawa limezama. Kompyuta ikalia kwamba imejaa, naye akafuta kila alichokikata. Kadi iliyobeba rekodi yenyewe ya Misigiri alikwisha kuisafisha kwa ajili ya harusi ya mtu.

Asubuhi simu ikaita. Alikuwa Andrea, mwalimu wa kwaya.

"Gerald, Editha hatunaye. Jana."

Alikwenda msibani kwa sababu isingewezekana asiende. Mama Kristina alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake. Gerald akachuchumaa kumpa pole, na mama huyo akamsimulia kama alivyokwisha kuwasimulia wote.

"Alikuwa mzima, anachambua mboga, anaimba. Mara akatoa neno, pumzi haikufuata. Akavuta tena, ikapata kidogo. Halafu ikakatika nyingine. Zilimwisha moja moja, mwanangu, mchana kutwa, tunamtazama."

Gerald akaitika kwa kichwa. Mchana kutwa wa Jumatatu. Moja moja. Alijiambia watu hufa, pumu ipo, moyo upo, na kompyuta ni kompyuta. Alijiambia hivyo njia nzima ya kwenda makaburini, na hakuna neno hata moja alilolisadiki.

Kaburi lilipofukiwa, kwaya ikamwomba Loyce aanzishe wimbo wa dada yake. Loyce akasimama. Akafungua kinywa. Mstari wa kwanza ukatoka, kisha kifua chake kikavuta na hakikupata kitu. Akajaribu tena. Midomo ikabadilika rangi. Akaanguka juu ya udongo mbichi, na kilichomtisha Gerald ni kwamba Loyce alianguka pale pale yeye alipokuwa ameanza kukata, kwenye ubeti wa kwanza.

Walimkimbiza hospitali mjini, mama yake akimshika kichwa kwenye kiti cha nyuma. Gerald alifuata na pikipiki ya kukodi, lakini hospitali hakuingia. Alimpigia Nasri aende badala yake.

"Kaa karibu na kitanda. Usikate simu. Uniambie anavyopumua."

"Wewe uko wapi?"

"Studio. Usiniulize, Nasri, nakuomba."

Aliwasha kompyuta. Pumzi za Loyce alizifuta mwenyewe, hazikuwepo popote. Lakini wale dada waliimba wakitazamana, na maiki ya mmoja husikia kidogo cha mwenzake. Loyce alikuwa anavuta hewa pale Editha anapomalizia mstari. Kwa hiyo pumzi za aliye hai zilikuwa zimebaki kwenye maiki ya marehemu, chini kabisa, zimelaliwa na sauti yake. Kilichohitajika ni kuziinua.

Akaweka Mama Mkwe. Ikazikandamiza zaidi. Akaweka Gundi. Ikachanganya kila kitu, ukawa uji mtupu. Miaka yote alizipenda programu hizi mbili, na siku ya shida hazikujua ila kufunika. Upande wa pili wa simu Nasri alinong'ona:

"Kaka, harakisha chochote unachofanya. Wamemwekea oksijeni, haiingii kifuani."

Ikabaki Mmbea. Akaifungua, akaiburuta hadi mwisho. Akavaa hedifoni.

Jogoo wa Misigiri akawika sikioni. Benchi likalia. Mama Kristina akakohoa kule nyuma. Kisha, chini ya mkia wa sauti ya Editha, hewa ikavutwa. Ndogo. Hai. Gerald akaikata pamoja na kipande cha sauti ya Editha, maana havikuachana, akaibandika kwenye sauti ya Loyce pale palipokuwa patupu.

"Amevuta," Nasri akasema.

Ya pili. "Amevuta tena." Mama Kristina alisikika kwenye simu analia.

Ya tatu aliisikiliza kabla ya kuibandika. Hewa ilivutwa. Baada yake palikuwa na kitu kingine. Akairudisha nyuma. Akasikiliza. Ilikuwa sauti ya mwanamke, karibu mno, kama mtu aliyeegemea bega lako.

"Na mimi."

Gerald akavua hedifoni. Chumba kilikuwa na yeye peke yake, mlango umefungwa, nje wanawake wanapatana bei ya vitenge. Akaivaa tena. Maneno hayo hayakuimbwa Jumamosi ile. Yeye alikuwepo. Angesikia.

Akafanya alichozoea. Akayakata.

"Gerald!" Nasri hakunong'ona tena. "Pumzi imesimama! Hapumui!"

Akayarudisha. Kisha Nasri akashusha pumzi. "Amevuta. Mungu wangu. Amevuta."

Akajaribu kuyashusha tu, polepole, yasisikike. Nasri akaita jina lake. Akayaacha. Akaendelea na nyingine, na kila iliyopanda ilipanda na maneno yale yale. Na mimi. Hayakuwa na hasira. Afadhali yangekuwa na hasira, maana sauti ile iliomba, na aliyekuwa akiombwa ndiye aliyemnyima. Gerald alilia, akibandika. Hakukata tena hata moja. Ubeti ulipotimia, Nasri alisema Loyce amefumbua macho na anaomba maji.

Loyce akapona, wakarudi Misigiri. Gerald akafunga chumba. Watu walifika na kazi zao, akawaambia mashine mbovu. Nasri alimuuliza mara moja kilichotokea, akasimuliwa, na tangu hapo hajaleta flashi wala ubishi wa kompresa.

Alizeti zilikuwa zimeanza kuvunwa Mama Kristina alipobisha hodi kwenye kile chumba cha Gerald, saa za asubuhi, na kuku kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea kitoweo. Yule rafiki yako aliniambia ulikuwa kwenye simu muda wote mtoto anateseka. Hukumuacha."

Kuku akawekwa chini, miguu imefungwa. Gerald alimtazama kuku huyo, akaona hawezi kumpokea. Shukrani ile ilimzidi uzito.

"Mama, zile pumzi," akasema. "Ulizonikataza. Nilizikata. Za Editha zote. Za Loyce nilianza."

Mama alikaa kwenye kiti cha waimbaji, akafungua pindo la khanga, akalifunga tena. Gerald akapiga magoti sakafuni, akangoja atukanwe. Angelipokea tusi kama dawa.

"Siku ile ya Jumatatu?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na hospitali, ulikuwa unazirudisha."

"Ndiyo. Lakini hazikutoka safi. Zilitoka na kitu. Naweza kujaribu tena, nikatafuta programu nzuri zaidi, nikazisafisha..."

"Usiguse."

Alilisema polepole, lakini Gerald aliruka kama kapigwa.

"Nalala na Loyce kitanda kimoja tangu msiba," mama akasema. Sauti yake ilishuka hadi kuwa ya kunong'ona, ingawa hapakuwa na mtu wa kusikia. "Akisinzia, anavuta pumzi. Kabla hajaitoa, inavutwa nyingine. Mwanzo nilidhani ni mimi. Nikajiziba pua. Zikaendelea. Nikawasha taa, nikamtazama kifua. Analala mmoja, Gerald, wanapumua wawili."

Nje muuza vitenge alikuwa anacheka na mteja. Gerald alitaka kusema samahani, akaona neno lenyewe ni dogo, litatia aibu zaidi.

"Na wewe, mama, huogopi?"

Mama Kristina alisimama, akajikung'uta khanga. Alimtazama pale chini alipopiga magoti, na hakumwambia ainuke.

"Niogope nini?" akasema. "Mimi si nilizaa wawili."