Rangi Nyeupe Kwenye Boriti ya Mwisho

Curtis Odom alipaka rangi juu ya maandishi ya mwanamke aliyempenda, na boriti ikapandishwa hivyo hivyo.

Walikutana Ijumaa moja ya Kwaresima, kwenye foleni ya kununua samaki wa kukaanga katika ukumbi wa chini wa kanisa, hapa Pittsburgh. Curtis, mwalimu wa useremala, alisukumwa na umati akamwaga kabichi iliyopikwa kwa siagi kwenye koti jekundu la Marla Hudak, aliyefundisha hesabu shule ya ng'ambo ya mto.

"Sasa koti utalifua au utanioa?" Marla akamuuliza.

"Kwanza niambie dobi anatoza ngapi."

Kufikia Pasaka walikuwa wanapigiana simu kila jioni.

Kiangazi wakajiunga na mpango wa walimu. Walipelekwa kwenye ujenzi wa daraja waone kazi za wahandisi kwa macho yao, kisha wakawaambie wanafunzi kwamba kazi zile zipo na zinawangoja. Curtis aliwekwa chini, kwenye mbao za kumwagia zege. Marla alipelekwa juu, kwa mhandisi Brendan, kijana wa mabega mapana na meno kama ya tangazo la dawa ya mswaki.

Hapo ndipo usingizi wa Curtis ulipoharibika. Marla alishuka jioni pua imeungua jua, mkanda wa usalama begani, anasimulia Brendan hivi, Brendan vile. Mchana simu yake haikupokelewa. Waliopanda juu waliacha simu zao sandukuni, na Curtis alilijua hilo vizuri. Alipiga tu.

"Leo umekula na nani?" akamuuliza usiku.

"Na Brendan, na mafundi wa chuma wanaonuka jasho. Una wivu, laazizi?"

"Mimi? Kwa mtoto yule?"

"Basi acha kusaga meno, nakusikia mpaka huku."

Mafundi wa chuma wana desturi yao. Boriti ya mwisho hupakwa rangi nyeupe, hulazwa chini, na kila aliyefanya kazi huandika jina lake. Ikishapanda haishushwi, kwao ni mkosi. Siku ya kuandika, Marla na Brendan waliinama muda mrefu kwenye ncha ya boriti, yeye anaandika, kijana anamnyooshea mistari kwa rula, wanacheka. Curtis alitazama kwa mbali. Mistari ilikuwa mingi kama barua. Watu walipokwenda kula, alichukua brashi na kopo la rangi lililobaki. Hakusoma. Aliogopa kusoma.

Alasiri basi likaleta wanafunzi wa Marla, wasichana watupu. Kreni ikainua boriti, mafundi wakaikaza, wasichana wakapiga picha kwa simu zao. Shanelle, hodari wa hesabu kuliko wote, aliyeshinda mwaka mzima akisema chuma si kazi ya watu wa mtaani kwao, aliikagua boriti yote.

"Bi Hudak, ulisema tupo kwenye boriti."

"Mpo. Tazama ile ncha ya..." Marla akasogea karibu.

"Pale peupe tu," Shanelle akasema, akaitia simu mfukoni.

Hakuna aliyemwona Curtis akipaka. Angeweza kunyamaza.

"Ni mimi," akasema. "Nilidhani unamwandikia Brendan."

Marla alimtazama mpaka Curtis akainamisha kichwa.

"Niliandika darasa langu zima. Na chini kabisa niliandika Marla Odom, kwa jina lako. Nilitaka ulione likipaa." Akavua kofia ya kazi. "Ungeuliza, Curtis. Ungeuliza tu."

Curtis akamsihi msimamizi boriti ishushwe. Msimamizi hata hakugeuka.

Kwaresima iliyofuata Curtis alikuwa kwenye foleni ile ile, peke yake. Koti jekundu likaja likasimama nyuma yake.

"Doa halijatoka," Marla akasema.

"Lete nilifue."

"Utalifua sana."

Wakaoana mwezi Juni. Gharama ni hii. Curtis hakuitwa tena kwenye mpango, na wanafunzi wake hawajakanyaga daraja lolote linalojengwa. Marla amebaki Hudak. Lile jina alikwisha kuliandika, amesema, haliandiki mara mbili. Wakiwa pamoja garini hawapiti daraja lile, huzunguka. Wasichana wachache wa darasa lake waliomba kwenda kujifunza kwa wahandisi. Shanelle hakuomba. Yuko kaunta ya duka la simu, anawapigia wateja hesabu kichwani.