Mama Aliyefungiwa Nje

Siku ya kwanza mama mtu alicheka. Mwanawe mchanga alikuwa kapanua kinywa, uso umemwiva, ngumi kazikunja, analia kwa nguvu zake zote, na sauti haitoki.

"Umerithi ubahili wa baba yako," alimwambia. "Hata kilio unabana."

Kicheko kiliisha maziwa yalipoanza kukauka. Maziwa yake yalikuwa yakishuka kila alipomsikia mtoto akilia, hata akiwa uani anaanua nguo, na sasa hakuna kilio cha kuyaita. Mtoto alinyonya, akavuta patupu, akachoka. Mashavu yakaanza kubonyea. Daktari alimchungulia koo, akasema koo ni zima.

Baba wa mtoto alikuwa fundi wa mapaa, hodari na mbishi kuliko nyundo yake. Zamani popo wa huko walilala katika miti mikubwa yenye mashimo, juu mlimani, wakishuka jioni kula nondo na mbu wa mashambani. Miti ilipokatwa na mlima ukabaki kipara, walihamia kwenye madari ya watu, na dari la fundi likawa mojawapo. Dada yake, ambaye kazi yake ni kuwafuatilia popo milima yote ile, alikuwa amemsihi sana siku chache kabla mtoto hajapoteza sauti.

"Subiri watoto wao waruke, ndugu yangu. Sasa hivi wananyonya. Ukiziba jioni, mama zao watakuwa nje wanawinda, watoto watabaki ndani."

"Na mwanangu je, avute harufu ya mavi yao?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Popo walipotoka jioni ile, fundi alipanda ngazi, akapigilia mabati upenuni pote, akashuka akipiga mluzi. Vilio vyembamba vilisikika darini, vikapungua, vikaisha. Ikaja harufu. Nje, mama popo waligonga mabati jioni mbili tatu, kisha wakakata tamaa wakaenda zao.

Mmoja hakwenda. Kila jua lilipozama mke wa fundi alimsikia akizunguka nyumba, mbawa zikikwaruza ukuta, zikipita dirishani zikiziba mwanga wote wa dirisha kana kwamba mtu kalitundikia blanketi, na kila zilipopita mtoto aligeuza shingo kuzifuata, kinywa wazi, akilia kile kilio chake kisicho na sauti, na harufu ya unyevunyevu wa pangoni ikajaa chumbani hadi mama akalazimika kumkumbatia na kujibanza naye nyuma ya mlango, akiogopa hata kumeza mate.

"Wifi, njoo," alinong'ona kwenye simu. "Njoo na kile kisanduku chako."

Kisanduku hicho kilinasa sauti za popo zisizofikiwa na sikio la mtu, kikazigeuza zisikike. Wifi yake aliwasha. Kimya. Akakisogeza karibu na mtoto aliyekuwa kapanua kinywa, na kisanduku kikapiga kelele: tik-tik-tik, haraka, kwa uchungu. Nje ya dirisha kitu kikajibu kwa mlio uleule.

Mama akaangalia kifua chake. Gauni lilikuwa limelowa.

"Ni yeye," alisema, akaanza kulia. "Ni mwanangu huyo. Alikuwa analia siku zote hizi."

"Dada, hicho ni nini huko nje?" fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi ni mtu wa popo, majini siyajui. Ila popo angeshakata tamaa. Huyu hakukata. Umemfungia mwanawe, na yeye kamfungia wako sauti. Nenda kafungue."

Fundi akapanda ngazi. Bati la kwanza lilipong'oka aliviona vitoto vya popo, vimekauka, vimeshikana kwa kucha. Upepo mzito ukampita begani ukaingia. Kisha darini kikatoka kilio ambacho hakikuhitaji kisanduku chochote, kilio cha mama kabisa, na fundi yule mbishi aliikumbatia ngazi akalia naye, akisema nisamehe, nisamehe. Chini, mtoto aliangua kilio kikubwa chenye sauti, na maziwa yakashuka.

Mtoto huyo sasa anakimbia, anapiga kelele nyumba nzima, ziwa kaliacha siku nyingi. Upenu uko wazi. Popo hawajarudi, na nondo wanakula mboga watakavyo. Ila kila jua likizama, mke wa fundi huacha anachofanya, akavuta sweta kufunika kifua.

"Umelowa tena?" mumewe humuuliza.

"Yule mama bado anamwita mwanawe," husema. "Na hakuna wa kumjibu."