Kamba Iliyolala Mezani

Ijumaa hiyo nilikwenda Queensburgh kuchukua kipande cha mbao. Basi. Si maiti, si magendo, si mke wa mtu. Mbao. Na ilikuwa mara ya tatu nakwenda kuchukua mbao ile ile, ndiyo maana nilipofika kwenye robot ya mwisho, taa za barabarani kwa lugha ya huku, nilikuwa nimeshamtukana fundi kwa Kiswahili, Kiingereza na Kizulu, na sasa natafuta Kifaransa ili nimalizie kwa lugha anayoipenda.

Mimi ni Josphat, mshereheshaji wa harusi. Mkenya akioa hapa Durban, Mkongo akioa, mimi ndiye ninayeshika kipaza sauti na kumwaibisha bwana harusi. Binti yangu Makena ni mlenga shabaha. Mtoto hawezi kubeba mchuzi kutoka jikoni bila kuumwaga nusu, lakini mpe bunduki uone, atakutobolea kitufe cha shati kilichotundikwa ng'ambo ya uwanja. Shida yake ni mikono. Amerithi yangu, mifupi kama ya mamba. Bunduki zote za kuazima pale klabuni zilikuwa ndefu kwake. Anavuta shingo kama kuku anayechungulia sufuria. Mwisho wa mwezi walikuwa wanachagua timu ya mkoa, na mimi, kwa mdomo wangu huu unaonilisha, nilimwahidi bunduki ya saizi yake.

Nikapata Mauser ya kale ya jeshi kwenye mnada wa vitu vya marehemu. Leseni ninayo, kabla hamjaniitia polisi. Mtutu ulikuwa umeliwa na kutu na kitako cha mbao kimepasuka, lakini mashine yake, kile chuma cha katikati kinachoshika mtutu na kumeza boliti, ilikuwa nzima, laini kama siagi. Nembo ya jeshi ilikuwa imekwanguliwa. Ni jeshi gani, hakuna aliyejua. Mpango wangu ulikuwa mtutu mpya mfupi wa kaliba ndogo, triga nyepesi, na kitako kipya kwa kipimo cha Makena.

"Baba Makena," Peguy aliniambia siku ya kwanza, "risasi ndogo ndani ya mashine kubwa hivi, ni kama kumpa tembo kijiko cha chai."

"Wewe mpe. Akikivunja nitanunua kingine."

Peguy ni fundi bunduki mwenye kibali, karakana yake iko nyuma ya nyumba. Zamani, kule Bukavu, alikuwa menuisier, seremala, pamoja na baba yake. Walitengeneza vitanda, madirisha, na zaidi ya yote majeneza, maana miaka ile majeneza hayakulala njaa. Alimsimamisha Makena, akamkunja mkono, akanyoosha kamba nyembamba kutoka kunjo la kiwiko hadi kidole cha triga. Akafunga fundo. Akaitupa kamba mezani, kando ya ile mashine.

Kitako cha kwanza kikatoka kirefu. Makena hakufikia hata triga. Nikakirudisha, kikakatwa. Kikatoka kirefu tena.

"Fundi, unakata au unapanda? Mbao yako inaota."

"Kamba njo ile ile, Baba Makena. Nilikata juste."

"Basi mtoto wangu amepungua? Namlisha ugali bure?"

Ndiyo hasira niliyoingia nayo Ijumaa hiyo. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya nyumba za jirani, na Juni hapa giza halibishi hodi. Nilimkuta Peguy amekaa kwenye kigoda, hafanyi kitu. Redio imezimwa. Kitako kilikuwa mezani, kimepigwa msasa, kizuri kama dirisha la kanisa.

Kirefu. Nilikiona tangu mlangoni.

"Peguy…"

"Jana nilikata mbele ya bibi yangu," akasema polepole. "Nilitaka mtu aone. Nilipima, nilikata, kikawa kifupi, cha mtoto. Leo asubuhi njo hivyo."

Akanionyesha kamba. Fundo alilolifunga mbele yangu lilikuwa limesogea. Halikufunguliwa, pale lilipokuwa hapakuwa na hata mkunjo. Lilikuwa limehama tu, kuelekea mwisho, kama konokono.

Hapo ndipo nilipoipata ile harufu. Grisi ya zamani, ile nzito ya kuhifadhia silaha… na chini yake udongo. Udongo uliolowa. Mvua haikuwa imenyesha Durban wiki nzima.

*Klak-klak.*

Sauti ilitoka ndani ya sefu ya chuma, pale kwenye kona.

"Nani yumo?" nikauliza. Swali la kijinga. Sefu ile haimtoshi hata paka.

"Mashine yako," Peguy akanong'ona.

*Klak… klak.* Kila aliyeshika bunduki anaijua. Ni boliti inavutwa nyuma. Inasukumwa mbele.

"Ichomoe boliti basi."

Peguy akafungua kiganja. Boliti ilikuwa humo. Alikuwa ameishika muda wote, mpaka imemwacha alama.

*Klak-klak.*

Kisha kimya.

Kisha mtu akasimama mlangoni.

Sikusikia geti. Mbwa wa jirani, anayembwekea hata upepo, hakubweka. Mtu mrefu, koti zito limefungwa mpaka shingoni, na taa ya nje ilikuwa mgongoni kwake, uso wake sikuuona. Mkono wa kulia ulining'inia chini kuliko unavyotakiwa kufika mkono.

"Bwana fundi," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, cha paredi. "Tayari?"

"Tumefunga," Peguy akajibu.

Mimi nikiogopa, hutania. Ndiyo dawa niliyopewa na Mungu. Nikasema, "Mzee, kama unatafuta jeneza umechelewa. Huyu aliacha kazi hiyo, maana wateja wake…"

Akacheka.

Sikuwa nimefika mahali pa kucheka. Nilitaka kusema kwamba wateja wake hawarudi kushukuru. Nimeishi kwa vicheko, navijua vyote: cha mlevi, cha shemeji, cha adabu. Vyote hufuata mzaha. Hiki kilitangulia, kama vile aliuchukua mzaha kinywani mwangu kabla sijautema.

Akaingia. Harufu ikaingia naye. Akakinyanyua kitako, akakiweka begani, kidole kikaenda moja kwa moja pale ambapo triga ingekuwa.

Kilimkaa. Hakikubakiza nafasi ya kupitisha karatasi.

Akakirudisha mezani kwa adabu. Akaichukua kamba, akaivuta kutoka kiwikoni kwake hadi kidoleni, na fundo likatua penyewe kwenye ncha ya kidole.

"Ahsante," akanong'ona. "Hakuna aliyewahi kunipima."

Akatoka na ile kamba. Alipopita chini ya taa ya geti niliangalia, sikuona mtu wala kivuli. Sakafuni palibaki udongo mwekundu, umelowa.

Peguy alilia kama mtoto. Sikumcheka.

"Ni kosa yangu. Mkono ulizoea," akasema. "Kwetu, kamba ya kupima maiti inaingia ndani ya sanduku pamoja naye. Hailali kwa meza. Ikilala, inatafuta maiti wake. Na mtu aliye hai hapimwi nayo, kamwe. Mbao ya bunduki mi napimaka na mita. Lakini siku ile mtoto alisimama wima mbele yangu, kimya, mikono chini… mkono wangu ukaenda kwa kamba."

"Na yule?"

"Sijui. Askari, labda. Wa mashine hii. Walimfukia bila sanduku, bila kipimo. Amesikia kuna kamba."

"Peguy, hiyo kamba ni kipimo cha mwanangu."

Peguy akainuka. Alichukua msumari na nyundo.

Tulifanya tulichoweza. Mashine tukairudisha kwenye kitako chake cha zamani kilichopasuka. Peguy akaunganisha sanduku refu kwa mbao alizokuwa nazo, akakadiria urefu kwa jicho, tukailaza humo bunduki yote na kile kitako kipya. Akaomba kwa Kifaransa, mimi nikaomba kwa Kiswahili cha kanisani ambacho sikuwa nimekitumia tangu ubarikio. Tukafukia nyuma ya karakana. Jumatatu polisi nitawaeleza nini kuhusu bunduki ya leseni, nilisema, tutajua Jumatatu. Kosa hilo angalau lina faini. Mwaka mzima wa mipango, na nimebaki na mchanga chini ya kucha.

Nyumbani Makena aliniuliza, "Baba, leo kimetosha?"

"Fundi ameshindwa, mama. Utatumia ya klabu."

Nilitegemea machozi. Aliinua mabega tu.

Siku ya uchaguzi nilisimama nyuma ya kamba ya watazamaji. Makena akaichukua bunduki ya kuazima, ile ile ndefu, akaiweka begani.

Hakuvuta shingo.

Ilimkaa. Alipiga, akapiga, na karatasi ya shabaha ikabaki na tundu moja katikati. Kocha akanishika bega. "Huyu mtoto amekua ghafla, eh?" Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, nikitazama sweta lake. Mkono wa kushoto wa sweta ulimfika kwenye kifundo, kama kawaida. Wa kulia ulikuwa umepanda, umeuacha mkono nje karibu na kiwiko.

Jioni hiyo tulikuwa jikoni. Mildred, mama yake, alikuwa na furaha, alikuwa anaimba. Akaliona sweta.

"Jamani, hili limeruka majini? Njoo nikupime, nikuongezee mkono. Baba Makena, umeona futi yangu ya kushonea?"

"Usimpime," nikasema.

"Kwa nini?"

Nikatafuta mzaha. Maisha yangu yote sijawahi kuukosa, na hata sasa niliuona unakuja, mdogo, wa kuokoa siku. Nikafungua mdomo.

"Usitafute futi, mama," Makena akasema. Akatia mkono wa kulia mfukoni, ule mkono mrefu, akatoa kamba nyembamba yenye fundo mwishoni. Jiko lote likanuka grisi. "Ninayo hii."

Kisha akanigeukia, na kabla sijasema neno, akacheka.